Sura ya 6: Seli Inayojua Kufa

Masika yakikolea, Kibiti hupata maji mara mbili: ya mvua inayonyesha papo hapo, na ya mto unaoteremka na mvua za Mbeya, Iringa na Morogoro. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu humwagia Rufiji kila ilichokusanya, na Rufiji hukifikisha kwenye delta, ambako mikoko imetanda katika hekta zipatazo 53,000. Hakuna msitu wa mikoko ulioungana kwa ukubwa huo mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Aprili 2024 maji yalipanda hadi yakazamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na watu kwa maelfu wakahama. Wenyeji wa huku wameyazoea mafuriko. Kwa sababu yake hujenga madungu, vibanda vinavyosimama juu ya nguzo katikati ya mpunga. Kwa sababu yake pia hulima mlau, yaani hupanda pale maji yanapojivuta na kuacha udongo mbichi.

Mgeni ni ng'ombe. Vizazi kwa vizazi, mbung'o na mafuriko viliwafanya watu wa Rufiji wawe wakulima na wavuvi. Mambo yalibadilika zaidi kuanzia 2006, serikali ilipowaondoa wafugaji katika mabonde ya Usangu na Ihefu. Wengi wao, Wasukuma, Wamang'ati na wengineo, wakashuka kusini-mashariki hadi Pwani na Lindi. Ugomvi wa mkulima na mfugaji uliofuata umeandikwa sana magazetini. Lisiloandikwa sana ni kwamba mahali ambapo palikuwa na maji yaliyotuama na mbu, sasa pana mifugo pia. Vitatu hivyo vikikutana na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, dalili ya kwanza huonekana zizini kabla ya kufika zahanati. Kondoo wenye mimba wanazitupa karibu wote kwa mpigo, na wanakondoo wachanga wanakufa ndani ya siku moja au mbili.

Sura hii inaingia ndani ya ini la mwanakondoo huyo. Humo tutakutana na protini moja ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyovamiwa isimtumikie mvamizi, hata kama gharama yake ni seli hiyo kufa. Tutaona pia virusi vinavyoiondoa protini hiyo kwanza kabla ya kuanza kazi. Hoja yangu ni fupi: ugonjwa huu mbaya hautokani na seli kufa, maana seli zetu hufa kila siku na sisi tukabaki wazima. Unatokana na seli kunyimwa nafasi ya kufa kwa wakati wake.

Ini

Ini la mwanakondoo aliyekufa kwa Homa ya Bonde la Ufa halihitaji darubini. Limevimba, ni laini kiasi cha kumeguka likibonyezwa kwa kidole, na rangi yake si ile ya ini unalolikuta buchani. Limegeuka manjano yenye ukahawia, wakati mwingine linakaribia rangi ya chungwa, na hapa na pale damu imevilia. Ukilikata utaona madoa ya kijivu, mengi yakiwa na upana wa milimita moja au mbili. Kila doa ni mahali ambapo seli za ini zimekufa kwa pamoja. Katika wanakondoo wachanga sana madoa hayo hukua na kuungana, mpaka ini karibu lote linakuwa doa moja.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyojitambulisha kwa sayansi. Mwaka 1930 kondoo walianza kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Robert Daubney, J. R. Hudson na P. C. C. Garnham waliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1931 wakatangaza kwamba unasababishwa na virusi ambavyo havijapata kuelezwa. Katika jina walilolichagua walitanguliza ini: waliuita ugonjwa wa uvimbe wa ini, ndipo wakaongeza Bonde la Ufa. Waliona pia kwamba waliowahudumia wanyama hao nao walipatwa na homa. Garnham hakuachana na ini. Mwaka 1948 yeye na Henry Shortt walionyesha kwamba hata vimelea vya malaria hujificha kwanza kwenye ini la binadamu kabla ya kuingia kwenye damu.

Madaktari walikuwa wameona kitu kinachofanana na hicho miaka 40 kabla ya Naivasha. Mwaka 1890 Mmarekani William Councilman alichunguza maini ya watu waliokufa kwa homa ya manjano. Akakuta seli zilizojikunja, zikawa duara, zikajitenga na jirani zao na kukolea rangi ya waridi zilipotiwa dawa ya maabara ya kutia rangi. Alizieleza kwa uangalifu, lakini hakujua alichokuwa akikitazama. Jibu lilikuja 1972. John Kerr, mtaalamu wa Australia aliyekuwa amechunguza maini ya panya kwa miaka, alishirikiana na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Scotland kuandika makala iliyotenganisha aina mbili za kifo cha seli.

Aina ya kwanza ni kuangamizwa, ambako wataalamu hukuita nekrosi. Utando wa seli unapasuka, vilivyomo vinamwagika, na sehemu yote iliyozunguka inavimba. Ya pili waliiita apoptosi, nayo ni kazi ambayo seli inaifanya yenyewe. Inasinyaa, inaikata DNA yake vipande vipande, inajigawa katika vifurushi vidogo vyenye utando, na seli za jirani zinavimeza bila uvimbe wowote. Wanaokata ni vimeng'enya viitwavyo kaspasi, vinavyokaa ndani ya kila seli vikiwa vimelala. Seli za Councilman zilikuwa zimekufa kwa namna hii ya pili. Katika ini la Homa ya Bonde la Ufa aina zote mbili zipo bega kwa bega: seli moja moja zilizosinyaa kwa utaratibu, na mabaka makubwa yaliyoangamia. Kwa nini ya kwanza haikutosha kuizuia ya pili?

Fosfeti moja

Mwaka 1974, katika maabara za Mill Hill jijini London, Ian Kerr (si yule Kerr wa maini) na wenzake walichukua seli zilizokwisha kupewa interferoni. Hiyo ni protini ambayo seli iliyovamiwa huitoa nje ili kuwatahadharisha jirani zake. Walizisaga seli hizo na kutazama kama ule utomvu wake ungeendelea kutengeneza protini. Uliendelea. Kisha wakatia kiasi kidogo sana cha RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikana, na utengenezaji wa protini ukaanguka. Ndani ya utomvu ule kulikuwa na kitu kinachoitambua RNA ya aina hiyo na kufunga kazi yote.

Kitu hicho leo kinaitwa PKR, na jeni yake ilisomwa mwaka 1990 na kundi lililofanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Kwa binadamu ni mnyororo wa asidi amino 551. Nusu yake ya mbele ina sehemu mbili za kushikia RNA, na nusu ya nyuma ni kinasi. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine. Fosfeti ni ile ile inayochimbwa Minjingu kwa ajili ya mbolea. Hapa inabandikwa moja moja, na kila moja ina chaji hasi inayotosha kuligeuza umbo la protini iliyobandikwa, na umbo likigeuka, kazi nayo inageuka. Mwili wa binadamu una aina zaidi ya 500 za kinasi, na karibu kila uamuzi wa seli, kukua, kugawanyika, kusogea au kufa, hupitia kwenye mmojawapo wa mibandiko hiyo.

Tuutazame mbandiko wa PKR kwa karibu. Katika seli yenye afya RNA nyingi ni uzi mmoja, na inapojikunja juu yake yenyewe hushikana kwa kipande kifupi tu. Virusi vingi vinaponakili RNA yao huacha vipande virefu vya nyuzi mbili. Kipande kikifikia jozi 30 hivi, PKR mbili hupata nafasi ya kukishika pamoja, zinakutana, na kila moja inambandika mwenzake fosfeti. Sasa zimeamka. Windo lao ni protini iitwayo eIF2, inayopeleka asidi amino ya kwanza kwenye ribosomu kila protini mpya inapoanza kutengenezwa. PKR hubandika fosfeti moja kwenye eIF2, juu ya serini ya nafasi ya 51. Tangu hapo eIF2 inang'ang'ania protini nyingine iliyopaswa kuiandaa kwa safari inayofuata, haiiachii, na ribosomu zinabaki zikisubiri.

Kwa virusi, hilo ni pigo kubwa. Virusi havina ribosomu hata moja. Vikitaka ganda jipya au kimeng'enya kipya, havina budi kutumia ribosomu za mwenyeji, na mwenyeji amezifunga. Amezifunga dhidi yake mwenyewe pia. Baadhi ya protini zinazozuia apoptosi huishi muda mfupi sana, na zisipotengenezwa upya zinaisha. Wakati huo huo PKR huamsha njia nyingine zinazofika moja kwa moja kwa kaspasi. Basi kama tishio limepita upesi, fosfeti huondolewa na kazi inarudi. Likidumu, seli inajimaliza ikiwa bado haijazaa virusi vingi. Heri nusu shari kuliko shari kamili: ini lenye mabilioni ya seli linaweza kupoteza maelfu na mwenye ini asijue.

Interferoni huongeza jambo moja zaidi. Seli jirani zikiipokea, hutengeneza PKR nyingi na kuziweka zikiwa zimelala. PKR hizo hazimdhuru mtu. Zinangoja tu uzi wa pili wa RNA.

Protini ya virusi

Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa hubeba maagizo yao katika vipande vitatu vya RNA. Kidogo kuliko vyote kina agizo la protini iitwayo NSs, yenye asidi amino 265. Si sehemu ya ganda, wala virusi haviihitaji ili kujinakili katika chombo cha maabara chenye seli zisizo na kinga. Watafiti waliona kwamba NSs hufanya jambo la ajabu: hujipanga katika nyuzi ndefu ndani ya kiini cha seli, ilhali virusi vyenyewe hufanya kazi zao zote nje ya kiini. Ilikuwa inatafuta nini humo?

Kazi ya kwanza ilipojulikana, swali hilo likapata jibu. NSs hukamata na kuvunja sehemu za mtambo wa seli wa kunakili jeni, kwa hiyo agizo la kutengeneza interferoni halitoki, na jirani hawapati habari. Kazi ya pili ilitangazwa mwaka 2009 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, moja likiwa na Tetsuro Ikegami huko Texas na jingine na Friedemann Weber huko Freiburg, Ujerumani. Wote walikuta kwamba saa chache baada ya NSs kutengenezwa, PKR hutoweka katika seli. Haizuiwi wala haifungwi, inavunjwa. Miaka michache baadaye ikafahamika jinsi gani: NSs huikutanisha PKR na mojawapo ya protini za seli yenyewe zinazoweka alama kwenye protini zilizochakaa, na PKR iliyowekewa alama hiyo hupelekwa kusagwa.

Mkulima wa delta atauelewa ujanja huu haraka. Dungu hujengwa ili mlinzi awaone ndege, nguruwe na viboko kabla hawajaumaliza mpunga, apige debe na kuamsha wenzake. Virusi hivi havimzungukii mlinzi wala havisubiri asinzie. Vinaliangusha dungu kwanza, ndipo vinaingia shambani.

Baada ya hapo ribosomu zinaendelea na kazi, ila zinafanyia kazi mvamizi. Seli ya ini inatengeneza virusi kwa saa nyingi ambazo isingepewa kama PKR ingekuwapo. Mwishowe inakufa, kwa apoptosi iliyochelewa au kwa kupasuka, lakini wakati huo kifo chake hakimwokoi mtu. Virusi vimekwisha kutoka na kuingia kwa jirani asiyejua lolote. Yale madoa ya kijivu ndiyo mwisho wa seli zilizokufa zikiwa zimechelewa.

Ushahidi wa hoja hii umetoka Afrika. Mwaka 1974 virusi vilichukuliwa kutoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyeugua na kupona. Wataalamu walipotenganisha vizazi mbalimbali vya virusi hivyo, kimoja, kilichopewa jina la Clone 13, kilikutwa kimepoteza asilimia 69 ya jeni ya NSs. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba panya waliodungwa Clone 13 hawaugui. Lakini panya waliozaliwa bila uwezo wa kuipokea interferoni, Clone 13 iliwaua. Maana yake ni kwamba virusi havikuwa dhaifu vyenyewe. Vilikuwa vimenyang'anywa uwezo wa kuizima kinga. Clone 13 haitenganishi kazi ya PKR na ile ya interferoni, kwa kuwa imepoteza zote. Kwa hiyo kundi la Ikegami lilibadilisha asidi amino moja tu ya NSs, ile ya 173, wakapata NSs inayozuia jeni za mwenyeji lakini haiwezi kuivunja PKR. Virusi vyenye NSs hiyo vilipata shida kutengeneza protini zao. Kinasi kimoja kilikuwa kimebaki, na kilitosha kuvikwamisha.

Wasio na taya

Je, mpango huu wa kujimaliza una umri gani? Huwezi kuuchimba kutoka ardhini, maana ni nadra seli kugeuka mawe. Wataalamu huwauliza wanyama walio hai, na mmoja wa mashahidi wazuri ni lamprei, ambaye hayupo Rufiji. Hupenda maji ya baridi na ya wastani, kaskazini na kusini ya mbali. Ana umbo la mkunga, hana mapezi ya pembeni wala mfupa wowote mgumu, na badala ya taya ana mdomo wa duara uliojaa meno yasiyo mifupa, anaoung'ang'aniza kwenye ubavu wa samaki na kufyonza damu. Yeye na jamaa yake mmoja wa baharini ndio pekee waliobaki katika ukoo wa wanyama wenye uti wa mgongo wasio na taya. Ukoo huo uliachana na wetu takribani miaka milioni 500 iliyopita. Kwa hiyo kitu kinachopatikana kwa lamprei, kwa papa, kwa kondoo na kwa mtu, uwezekano mkubwa ni kwamba babu yao wa pamoja alikuwa nacho.

Kwa upande wa kingamwili, lamprei anatushangaza. Mwaka 2004 Zeev Pancer, Max Cooper na wenzao walionyesha kwamba anazo protini zinazokumbuka wavamizi, ila zimejengwa kwa vipande tofauti kabisa na vya kingamwili zetu. Kinga inayojifunza ilijengwa mara mbili, kwa malighafi mbili. Kifo cha seli hakikujengwa mara mbili. Kaspasi za lamprei ni ndugu wa kaspasi zetu, na ndugu zao wapo hata kwa minyoo midogo ya udongoni. Kutokana na minyoo hiyo Robert Horvitz, John Sulston na Sydney Brenner walipata Tuzo ya Nobel ya 2002, baada ya kufahamika kwamba kila mnyoo anapokua huua seli 131 zake mwenyewe, zile zile daima.

Lamprei hutuonyesha pia kinasi kikivuta upande wa pili. Uti wake wa mgongo ukikatwa kabisa, baada ya wiki kadhaa huogelea tena. Ubongo wake una seli chache za neva kubwa kiasi kwamba kila moja ina jina lake, na mtafiti anaweza kuifuatilia seli ile ile kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Michael Selzer na wenzake huko Philadelphia waligundua kwamba baadhi ya seli hizo huotesha tena nyuzi zake, na nyingine, zisizo hodari wa kuotesha, hufa polepole kwa wiki nyingi, kaspasi zikiwa zimeamka ndani yake. Kwa wanyama kwa jumla, kinasi kiitwacho Akt ndicho kinachobandika fosfeti za kuizuia njia hiyo ya kifo. Kinasi kimoja husukuma, kingine huzuia, na seli huishi au hufa kulingana na hesabu ya mibandiko yao.

PKR ina ndugu watatu wanaobandika fosfeti mahali pale pale kwenye eIF2. Mmoja huamka damu inapokosa madini ya chuma, mmoja protini zikijikunja vibaya, na wa tatu, GCN2, asidi amino zikipungua. GCN2 yumo hata kwenye hamira ya kuumulia maandazi. Hiyo serini ya kufungia kazi ni ya kale kuliko mnyama yeyote. PKR yenyewe ni kijana katika ukoo huo: imo kwa samaki wenye taya, vyura, ndege na wanyonyeshaji, na samaki wengine wameongeza pacha wake, aliyeelezwa kwa samaki mdogo wa maabara mwaka 2005. Vilevile inabadilika mbio. Mwaka 2009 Nels Elde na Harmit Malik wa Seattle walilinganisha PKR za nyani na binadamu, wakakuta alama za mbio ndefu na virusi, hasa virusi vya jamii ya ndui vinavyotengeneza kitu kinachojifanya eIF2. Shabaha haisogei, ila mpigaji hana budi kubadilika kila mara virusi vinapomzoea. NSs ni hatua moja katika mbio hizo.

Kabla ya mvua

Turudi kwenye maji. Mlipuko mkubwa wa mwisho nchini ulikuja na mvua za El Niño za 2006 na 2007. Tanzania ilihesabu watu 511 walioshukiwa kuugua katika mikoa 10, 186 wakathibitishwa maabara, na 144 wakafariki. Binadamu wengi wanaoambukizwa hupata homa na maumivu, wakapona. Wachache hupata shida ya macho au ubongo, na chini ya mmoja kati ya mia hutoka damu na kuwa manjano kwa sababu ini limeshindwa. Kati ya hao, nusu hivi hufa.

Baada ya mlipuko ilidhaniwa virusi vimelala. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakiongozwa na Robert Sumaye, walipima mifugo ya bonde la Kilombero na mwaka 2013 wakatangaza kwamba mmoja hivi kati ya kila wanyama kumi alikuwa na kingamwili za ugonjwa huu. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa baada ya 2007. Virusi vilikuwa vikipita kimya kimya, bila mlipuko, katika mto unaoishia Rufiji. Na mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yakiwa na virusi ndani yake, hukaa kwenye udongo mkavu wa madimbwi hata miaka, yakingoja mafuriko.

Kibiti basi ina mambo mawili ya kufanya. La kwanza halihitaji maabara. Wengi wanaoambukizwa hupata virusi kwa kugusa damu, viungo au mimba iliyotupwa, kuliko kwa kung'atwa na mbu. Afisa mifugo akimkuta mfugaji ameinamia mzoga na kisu mkononi, la kumwambia ni hili: "Mzee wangu, huyo usimchune. Mfukie, na vijana wasimguse kwa mikono mitupu." Nyama iliyoiva sawasawa na maziwa yaliyochemka hayana neno.

La pili ni chanjo. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitumia ile ya Smithburn, iliyotokana na virusi vilivyopatikana msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, na kudhoofishwa na Kenneth Smithburn huko Entebbe kwa kupitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya. Ni rahisi na inafanya kazi, lakini ina NSs yake na inaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe. Clone 13, isiyo na NSs iliyo kamili, imekuwa ikitumika Afrika Kusini tangu 2010 hivi. Nyingine mpya, inayofanyiwa kazi na Mkenya George Warimwe wa Kilifi na wenzake wa Oxford, haina kabisa virusi vya ugonjwa huu. Inabeba agizo la ganda lake tu, ndani ya virusi vingine visivyodhuru. Zote zinahitaji muda kabla ya mbu. Mlipuko ukishaanza, kupita zizi hadi zizi na sindano moja kunaweza kueneza kile kile unachokizuia. Kwa hiyo tarehe ya kuchanja Kibiti ifuate utabiri wa mvua na hali ya maji Kilombero, isisubiri mimba ya kwanza kutupwa huku.

Limebaki swali ambalo ini la kondoo haliwezi kulijibu. Mbu hana PKR. Kinasi hicho ni cha wenye uti wa mgongo. Hata hivyo hubeba virusi hivi maisha yake yote, humpa na mtoto wake ndani ya yai, na haugui. NSs iliyoandaliwa kumvunja mlinzi haimkuti mlinzi huyo ndani ya mbu, na bado virusi havimlemei. Sura ijayo inaingia ndani ya mbu, kwenye kinga ya aina nyingine inayokata RNA ya virusi vipande vifupi badala ya kuiua seli, na kuuliza kwa nini wanyama wenye uti wa mgongo waliichagua njia iliyo ghali zaidi.